Kufunga Gati Angani

Kufunga gati ni kitendo cha chombo cha anga kukifikia kituo kilicho angani, kukigusa kwa mwendo mdogo sana, kunaswa nacho, kisha kukazwa mpaka viwili hivyo viwe mwili mmoja usiovuja hewa. Istilahi hii ina wapinzani watatu. Kutia nanga inapendwa na magazeti, kutua inapendwa na watangazaji wa redio, na uambatishaji ni zao la vikao. Zote tatu zina kasoro, na moja kati yake inasema kinyume kabisa cha kinachotendeka.

Kasoro ya kutua ni nyepesi kuonekana. Ndege hutua mtini, mchukuzi hutua mzigo, jua hutua magharibi; kote humo kuna kushuka. Chombo kinachokwenda kwenye kituo cha anga hakishuki. Kwa kawaida hupanda, maana hukikaribia kituo kutoka njia iliyo chini na nyuma yake. Tena chombo hichohicho kitakuja kutua kwelikweli siku ya kurudi duniani, na hapo msomaji huachwa njia panda. Chombo cha Starliner cha Boeing kilifika kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 6 Juni 2024 kikiwa na Butch Wilmore na Suni Williams, baada ya baadhi ya injini zake ndogo za kujiongozea kugoma njiani. Septemba ya mwaka huo kilirudi kikashukia New Mexico bila mtu ndani, na wanaanga wale wawili wakabaki juu hadi Machi 2025 waliporudi kwa chombo cha Dragon cha kampuni ya SpaceX. Taarifa inayotumia kutua kwa matukio yote mawili, la kufika na la kurudi, inamnyima msomaji jambo lenyewe alilotaka kulijua: watu wako wapi.

Kutia nanga kunahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu kosa lake limevaa joho la ubaharia. Nanga ni neno lililotujia kwa biashara ya bahari, na asili yake ni langar ya Kiajemi, lugha iliyotupa pia bandari na nahodha. Nahodha ni nakhuda, yaani bwana wa chombo. Tangu hapo nanga ina kazi moja: kushika chini ya bahari ili chombo kisichukuliwe na maji. Meli inayotia nanga ni meli ambayo haijafika gatini. Kila anayefanya kazi katika bandari ya Dar es Salaam au Mombasa anaijua tofauti ya meli iliyo nangani na meli iliyo gatini. Ya kwanza inangoja nje, shehena yake bado tumboni, gharama zikipanda kila siku. Ya pili imefungwa kamba, ngazi imeshuka, watu na mizigo vinapita. Kusema kwamba chombo cha anga kimetia nanga kituoni ni kusema kwamba bado kinangoja nje, wakati kilichotokea ni kwamba kimefika na milango inakaribia kufunguliwa.

Hata kungoja kwenyewe hakuwezi kuitwa kutia nanga. Kituo cha Kimataifa huenda kwa kasi ya takribani kilomita 28,000 kwa saa, umbali wa kilomita 400 hivi juu ya ardhi, na huizunguka dunia kwa dakika 90 hivi. Hakuna chini ya kushikia. Tarehe 3 Machi 2023 chombo cha Dragon kilichowabeba wanaanga wanne, akiwemo Sultan Al Neyadi wa Falme za Kiarabu, kilisimamishwa mita 20 tu kutoka kituoni kwa sababu kihisio cha kulabu mojawapo kilitoa taarifa yenye shaka. Wataalamu wakaishughulikia kutoka duniani, na chombo kikabaki pale kwa kujisukuma kidogo kidogo kwa injini zake. Kilishikilia nafasi. Hakuna baharia ambaye angekuta nanga katika hali hiyo.

Uambatishaji ni kosa la namna nyingine, na ni kubwa zaidi kwa kuwa limefanywa na watu waliokaa rasmi kulifikiria. Kuambatisha ni kukifuatanisha kitu kidogo na kikubwa: vyeti huambatishwa na barua ya maombi, picha huambatishwa na barua pepe. Kiambatisho hakitendi lolote, kinabandikwa. Chombo cha anga kinatenda mpaka sekunde ya mwisho. Kinapima umbali kwa miali ya leza na kamera, kinajirekebisha pande zote, kinapunguza mwendo hadi sentimita kumi hivi kwa sekunde. Neno lisiloweza kubeba jitihada hiyo halifai, hata likipigiwa kura na kikao kizima. Istilahi za aina hii huzaliwa pale kamati inapopokea orodha ya maneno ya kigeni na kutafuta kisawe kwa kila mstari, bila kuwaita nahodha, kuli wala fundi wa bandarini na kuwauliza wao husemaje. Swali hilo moja lingetosha. Bandarini husema: meli imefunga gati.

Gati ni mkopo kutoka Bara Hindi. Ghat ni ngazi za mawe zinazoshuka hadi majini, kama zile za Varanasi kando ya mto Ganga, ambako watu hushukia kuoga, kupanda mitumbwi na kuaga wafu. Kwa neno hilohilo huitwa njia za milimani, na safu za milima ya magharibi na mashariki ya India zinaitwa Ghats hadi leo. Maana inayounganisha matumizi hayo ni mahali pa kupitia kati ya hali mbili za ardhi, kati ya nchi kavu na maji au kati ya bonde na mlima. Kiswahili kilipolichukua kiliibana maana hiyo: gati ni mahali palipojengwa ili chombo kikae ubavuni mwake na watu wapite. Kuna wanaodai kwamba gati ni matamshi mabovu ya geti. Dai hilo halina msingi. Geti ni lango, limetoka Kiingereza, na limeingia kwa njia nyingine kabisa. Anayeyachanganya maneno hayo mawili hajasimama kwenye gati lolote.

Huenda ikasemwa kwamba neno la bahari halina haki ya kupelekwa angani. Kiswahili kimekwisha kulijibu hilo zamani. Rubani, kwa Kiarabu rubban, alikuwa mwongozaji wa chombo cha baharini aliyejua miamba na mikondo. Leo yuko kwenye chumba cha mbele cha ndege, wala hakuna anayemwona amepotea. Chombo chenyewe, kabla ya kuitwa chombo cha anga, kilikuwa jahazi. Abiria na shehena navyo vilipanda pamoja. Pwani imeitoa hata roketi: kutoka jukwaa la San Marco lililosimikwa baharini Ngomeni, karibu na Malindi, Waitalia na Wamarekani walirusha tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota, nayo ikapewa jina Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Njia kati ya maji na anga ni ya zamani katika lugha hii.

Hoja nyingine ni kwamba msemaji wa bara halijui gati. Kigoma wanalijua, Mwanza wanalijua, Kisumu wanalijua. Hoja hii isirudiwe tena.

Nusu ya pili ya istilahi, yaani funga, ndiyo yenye uzito wa kiufundi, nayo ni ya Kibantu tangu mwanzo. Chombo kinapogusana na kituo, kazi hufanyika kwa hatua mbili. Kwanza pete ya mbele hunasa na kufyonza mtikiso, na chombo bado kinaweza kuyumba. Kisha pete huvutwa ndani na kulabu hufunga. Katika mfumo unaotumiwa na Dragon kulabu hizo ni 12. Baada ya hapo ndipo uvujaji wa hewa hupimwa na milango kufunguliwa. Kunasa bila kufunga si kufika, na historia ina ushahidi wake. Aprili 1971, siku chache baada ya Wasovieti kurusha Salyut 1, kituo cha kwanza cha anga duniani, chombo cha Soyuz 10 kilikifikia na kunasa. Hakikufunga. Wanaanga watatu waliokuwamo walikaa saa kadhaa wakiwa wameshikamana na kituo ambacho hawakuweza kukiingia, kisha wakarudi nyumbani. Kwa istilahi ya uambatishaji tukio hilo halielezeki, maana chombo kilikuwa kimeambatishwa. Kwa kufunga gati sentensi moja inatosha: kilinasa lakini hakikufunga gati.

Namna ya pili ya kufika inahitaji neno lake, na hapa ndipo wanaotumia kisawe kimoja kwa kila kitu huharibu zaidi. Baadhi ya vyombo vya mizigo havijipeleki hadi mwisho. Hufika umbali wa mita kumi hivi, hutulia, na mkono wa roboti wa kituo, Canadarm2 uliotengenezwa Kanada, hunyooka na kuvishika. Mkono huo ndio huvisogeza hadi kwenye gati, na parafujo 16 zinazozungushwa kwa mota huvikaza. Kitenzi cha jambo hili ni kuegesha. Kimetoka ukoo mmoja na egama na egemea, na maana yake ya asili ni kukileta kitu kikae ubavuni mwa kingine. Manahodha walikitumia kwa majahazi kabla ya wenye magari kukichukua. Chombo kinachojiongoza hufunga gati. Chombo kinachoshikwa na mkono huegeshwa gatini. Kauli ya kutendwa inabeba tofauti yote, na hakuna neno jipya lililohitajika.

Tofauti hiyo inaonekana hata katika maisha ya chombo kimoja. Dragon ya kwanza iliyofika kituoni, tarehe 25 Mei 2012, iliegeshwa. Dragon mpya ya kubeba watu, katika safari yake ya majaribio bila mtu, ilifunga gati yenyewe tarehe 3 Machi 2019. Setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, ya kwanza ya Kenya, ilipanda Aprili 2018 ndani ya Dragon ya aina ile ya zamani, basi ilifika kituoni kwa kuegeshwa. Mwezi uliofuata ikaachiwa angani kutoka Kibo, maabara ya Kijapani ambayo jina lake maana yake ni matumaini na halihusiani na kilele cha Kilimanjaro.

Mfano wa karibuni zaidi ni wa tarehe 1 Desemba 2025, siku ambayo magati yote manane ya Kituo cha Kimataifa yalijaa kwa mara ya kwanza tangu ujenzi wake uanze mwaka 1998. Vilikuwapo Dragon mbili, Soyuz mbili na Progress mbili za Urusi, Cygnus XL ya Marekani na HTV-X1 ya Japani. Sita za kwanza zilikuwa zimefunga gati. Mbili za mwisho zilikuwa zimeegeshwa. Tena Cygnus XL ilikuwa imeondolewa kwa mkono wa roboti ili kuipisha Soyuz iliyokuwa inakuja, kisha ikarudishwa mahali pake. Lugha ya bandarini inalieleza tukio hilo bila kujikunja: chombo kiliondolewa gatini, kingine kikafunga gati, cha kwanza kikaegeshwa tena. Atafutwe mwenye kulieleza kwa uambatishaji.

Hoja moja ya wapinzani ina nguvu. Vyombo viwili vikikutana bila kituo, gati liko wapi? Neil Armstrong na David Scott walipokiunganisha chombo cha Gemini 8 na chombo kisicho na mtu cha Agena tarehe 16 Machi 1966, mara ya kwanza kwa binadamu kufanya hivyo, Agena haikuwa kituo, ingawa ilibeba tundu la kukipokea chombo chao na hivyo ilifanya kazi ya gati. Lakini Apollo ya Marekani na Soyuz ya Wasovieti vilipokutana Julai 1975, mfumo wao ulikuwa umebuniwa makusudi usiwe na dume wala jike, kila upande uweze kunasa au kunaswa, hivyo kimuundo hakuna upande uliokuwa gati la mwenzake. Setilaiti mbili za India za mradi wa SpaDeX nazo, zilizoungana Januari 2025 na kuifanya India nchi ya nne kuumudu ufundi huo baada ya Marekani, Urusi na China, zilikuwa na maungio yanayofanana. Hapo funga yenyewe inatoa jibu: vyombo hivyo vilifungamana. Kufungamana kunataka wawili walio sawa, na ndiko kutakakohitajika vyombo vya kubebea mafuta vitakapokutana angani kujaziana kwa ajili ya safari za mwezini, mpango ambao chombo cha kutua mwezini cha SpaceX kinautegemea.

Katika matumizi: chombo kimefunga gati, kimeegeshwa gatini, vyombo vimefungamana, kimeondoka gatini. Nomino ni ufungaji gati, uegeshaji na ufungamano. Kifaa chenyewe ni mfumo wa kufungia gati. Wingi wa gati ni magati. Kutia nanga kubaki baharini, penye chini ya kushikia.