Kisu cha chuma kinachoshika kutu: namna ya kukipa ngozi nyeusi ya kinga

Katika nyumba nyingi za Nyakasanza, hapa Bunia, kuko visu vya aina mbili. Kuko kile cha kung'aa kilichotoka dukani, na kuko kile cha kazi: kizito, cha rangi ya kijivu, kilichopigwa na fundi wa chuma kutoka lamu ya resori ya gari la zamani. Kile cha pili njo kinachokata makemba, nyama ya mfupa na muhogo bila kuchoka. Lakini kikiachwa na maji usiku mmoja tu wakati wa mvua, asubuhi kiko kimejaa kutu.

Wengi wanafikiri kutu ni bei ambayo kisu cha namna hiyo lazima kilipe. Siyo kweli. Kuko njia rahisi ya kukifunika na ngozi nyeusi nyembamba ambayo wafundi wanaita patina. Haiombi mashine wala dawa ya bei kali. Inaomba vinegre, ndimu, kahawa ama ganda la ndizi, pamoja na uvumilivu. Kwa familia yenye kisu kimoja tu, sana sana kwa waliokimbia vijiji na kufika mjini na vyombo vichache, kisu kinachodumu miaka kumi pahali pa miwili si jambo dogo.

Kutu nyekundu na ngozi nyeusi: tofauti iko wapi?

Chuma kikikutana na maji na hewa, kinaanza kurudi kuwa udongo mwekundu, sawa vile kilivyokuwa mbele ya kuyeyushwa. Hiyo njo kutu. Ubaya wake ni kwamba haishikamani vizuri. Inavimba, inapasuka, inabanduka, na chini yake chuma kipya kinabaki wazi, maji yanaingia tena. Kwa hiyo kutu haijizuii. Inakula mpaka kisu kinapata mashimo madogo.

Patina nayo inatoka katika chuma hicho hicho, lakini kwa njia nyingine. Asidi ya vinegre ama ya ndimu, pamoja na ile dawa kali ya ganda la ndizi, chai na kahawa inayoitwa tanini, inageuza uso wa chuma kuwa mweusi, wa kijivu ama wa bluu. Ngozi hiyo ni nyembamba, inakaa karibu na chuma na haibanduki upesi. Haifungi maji kabisa kama rangi ya mafuta, lakini inapunguza mwendo wa kutu na inashika mafuta vizuri. Patina pamoja na mafuta kidogo njo kinga kamili. Moja bila nyingine ni nusu ya kazi.

Mama anayemenya makemba kila siku anajua jambo hili hata kama hajawahi kusikia jina lake. Utomvu wa makemba unatia kisu weusi, unatia vidole weusi, na ukigusa nguo hautoki. Weusi ule wa kisu siyo uchafu. Ni mwanzo wa patina.

Kwa nini kisu cha inox hakihitaji

Chuma cha inox kimechanganywa na madini ya kromu, angalau asilimia 10,5. Kromu inajitengenezea yenyewe ngozi isiyoonekana kwa macho, na ikikwaruzwa inajiponya. Harry Brearley wa mji wa Sheffield, Uingereza, alitengeneza chuma cha namna hiyo mwaka 1913, na kazi ya visu ilibadilika duniani kote.

Lamu ya resori haiko na kromu ya kutosha. Nguvu yake inatoka kwa kaboni, karibu asilimia 0,6. Kaboni hiyo njo inafanya kisu kiwe kigumu, kikate muda mrefu, na kinolewe upesi juu ya jiwe la kawaida. Inox nyingi za bei rahisi zinang'aa, lakini makali yao yanalala haraka.

Ujuzi wa chuma si mgeni katika pande hizi. Mwaka 1870 msafiri Mjerumani Georg Schweinfurth alifika kwa mfalme Mbunza wa Wamangbetu, katika eneo ambalo leo liko Haut-Uele, na akashangaa kuona kazi ya wahunzi wake. Mwaka 1875 alitoa kitabu cha michoro, Artes Africanae, chenye visu na silaha za watu wa eneo lile. Visu vingi vya namna ile vilikuwa vya chuma kinachoshika kutu, na vilidumu kwa sababu vilitunzwa.

Jua kwanza kisu chako ni cha aina gani

Watu wengi wanapima na sumaku. Hiyo haitoshi, kwa sababu visu vingi vya inox navyo vinashikwa na sumaku. Kipimo kizuri ni hiki: osha kisu, kausha, tia tone moja la ndimu juu ya uso wake, ngojea minuti 10, kisha pangusa. Kama kuko alama ya kijivu ama nyeusi, ni chuma cha kaboni na kitakubali patina. Kama hakuna alama, ni inox. Usipoteze vinegre yako.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

1. Toa kutu nyekundu yote. Tumia sponji ya chuma ya kuoshea sufuria ama msasa laini, pamoja na tone la mafuta. Majivu yaliyochujwa vizuri yanaweza kusaidia. Mchanga hapana: unaacha mikwaruzo ambamo maji yatajificha.

2. Osha na sabuni na maji ya moto, mara mbili. Pahali penye mafuta, hata alama ya kidole, asidi haitashika, na kisu kitakuwa na mabaka. Kausha na kitambaa safi. Kutoka hapo shika mpini tu.

3. Pasha vinegre nyeupe ya dukani iwe vuguvugu, isichemke. Mimina ndani ya chupa ya plastiki iliyokatwa juu ama chombo cha kioo kirefu. Usiiache ndani ya sufuria ya aluminiyumu, kwa sababu vinegre inakula aluminiyumu pia.

4. Simamisha kisu ndani, makali chini, mpini wa mti ubaki nje. Baada ya minuti 5 ama 10, kitoe, kipanguse, kiangalie. Kitakuwa kimeanza kuwa kijivu. Kirudishe. Fanya hivyo mara tatu ama nne, jumla karibu nusu saa. Kukiacha usiku kucha ni kosa: vinegre itapita kwenye ngozi na kuanza kula chuma chenyewe, na makali yatakwisha.

5. Suuza na maji mengi. Ili kumaliza asidi iliyobaki, kitumbukize kidogo ndani ya maji yenye kijiko cha bikarbonati ama cha majivu, kisha suuza tena na kukausha mara moja. Kisu kilichotoka kwenye asidi kinashika kutu upesi kuliko wakati wote, kwa hiyo usikiache kikauke chenyewe.

6. Paka mafuta ya kula, tone mbili ama tatu, kisha pangusa mpaka kionekane kama hakuna mafuta. Kiache mpaka kesho.

7. Kinoe. Asidi inapunguza makali kidogo. Jiwe litatoa weusi pale kwenye makali tu, na hilo si tatizo: makali yatapata rangi tena kwa kazi ya kila siku.

Kwa yule asiye na vinegre

Ndimu inafanya kazi, lakini ina haraka: inatia mabaka na inakula chuma kama haikuangaliwa. Itumike kwa minuti chache, kisha kuoshwa.

Kahawa nzito isiyo na sukari, ya moto, inatia weusi mzuri kwa sababu ya tanini yake. Ni ya polepole. Kisu kinaweza kukaa ndani saa kadhaa, kikiangaliwa mara kwa mara. Machicha ya chai nyeusi nayo yanasaidia vile vile.

Makemba njo njia ya bure. Kila mara unapomenya, sugua uso wote wa kisu na upande wa ndani wa ganda bichi, ngojea minuti 20, osha, kausha, tia mafuta. Patina haitakuja siku moja. Kidogo kidogo, baada ya wiki kadhaa, kisu kitakuwa na rangi moja. Vitunguu, maembe na nyama yenye joto vinaongeza rangi yao. Nyama mara nyingi inaacha bluu nzuri.

Mambo ya kuepuka

Asidi ya batri. Inachoma ngozi na macho, na batri iko na risasi, sumu inayobaki mwilini. Haifai kabisa kwa chombo cha chakula.

Mafuta ya moteri, hasa yale yaliyotumika. Yanazuia kutu, ndiyo, lakini yatafika kwenye nyama na mboga.

Moto. Wengine wanatia kisu ndani ya makala ili kiwe cheusi. Weusi utakuja, lakini ugumu utaondoka. Lamu ikipita joto la nyuzi 200 hivi, fundi aliyoifanya ikawa ngumu amefanya kazi bure. Fundi anayechoma mkia wa kisu ili uingie kwenye mpini anapaswa kufunga lamu na kitambaa chenye maji.

Javel. Hapa panahitaji uangalifu. Tangu Ebola ya 2018 mpaka 2020, na kila mara kipindupindu kinaporudi, nyumba na masoko ya Ituri yamezoea maji ya klori: ya asilimia 0,05 kwa mikono, ya 0,5 kwa uso wa meza. Ni desturi nzuri na isiachwe. Lakini klori inakula chuma cha kaboni kwa nguvu. Kisu kikihitaji kusafishwa kwa klori, kisilale ndani ya ndoo. Kipite muda unaotakiwa tu, kisuuzwe, kikaushwe, kipakwe mafuta. Na jambo la hatari zaidi: usichanganye kamwe Javel na vinegre ama ndimu. Mchanganyiko huo unatoa hewa yenye sumu inayoumiza mapafu. Kazi ya patina ifanyike mbali na chombo chochote chenye Javel.

Kutunza kila siku

Kisu chenye patina kinaombwa vitu vitatu: kioshwe mara baada ya kazi, kikaushwe na kitambaa, kipakwe tone la mafuta kama hakitatumika kesho. Mawese yanaweza kutumika kwa siku chache, lakini yakiwa mengi yanaganda na kutoa harufu. Kwa kisu kitakachokaa muda mrefu, mafuta ya parafini ya famasi ni bora, kwa sababu hayaozi. Kisihifadhiwe ndani ya ala ya ngozi: ngozi inashika unyevu na chumvi. Kitundikwe ukutani, pahali penye hewa.

Samaki ya chumvi kutoka ziwa Albert, kutoka Kasenyi ama Tchomia, ni adui mkubwa kuliko mvua. Baada ya kuikata, kisu kisingojee.

Maswali yanayoulizwa mara nyingi

Patina inachafua chakula? Siku za kwanza weusi kidogo unaweza kutoka kwenye kitambaa. Suuza tena. Patina ikishikamana, kisu kinaacha ladha ya chuma kidogo kuliko kile kipya, hata kwenye matunda na vitunguu.

Patina inaua vijidudu? Hapana. Kisu cheusi kinaoshwa na sabuni sawa na kingine. Faida yake ni kwamba kisu kisicho na mashimo ya kutu kinaoshwa na kikawa safi kweli.

Kutu inaleta pepopunda? Kutu yenyewe hapana. Kijidudu cha pepopunda kinaishi kwenye udongo na mavi ya wanyama, na kinaingia kupitia jeraha lolote lenye uchafu, hata la kisu kinachong'aa. Kinga ni chanjo na kuosha jeraha. Kwa sababu hiyo hiyo, kisu cha jikoni, kiwe cheusi ama cheupe, kisikate kamwe kitovu cha mtoto.

Nitajuaje kama ni patina ama kutu? Pangusa na kitambaa cheupe. Unga mwekundu ama wa rangi ya chungwa ni kutu: itoe pale tu ilipo, osha, paka vinegre kwa minuti chache, kausha, tia mafuta. Nyeusi, kijivu na bluu ni sawa.

Kisu changu kina mabaka, kimeharibika? Hapana. Rangi isiyolingana ni ya macho tu. Kazi itaisawazisha.

Kwa kumalizia, kisu cha fundi hakipaswi kung'aa ili kiwe kisafi. Wanaoosha vyombo nyumbani, hasa watoto, waelezwe hilo mapema: wasisugue kisu cheusi na mchanga mpaka kiwe cheupe. Kwa minuti tano za kusugua wanaondoa kinga ya miezi mingi, na kesho yake kutu inarudi.