Aloi

Pita gereji ya pikipiki Makutano, Meru, au kule Embu mjini, uulizie aloi. Utaletewa rimu isiyo na spoki. Fundi hajakosea, ila neno amelibana: rimu hiyo ni alumini iliyoyeyushwa pamoja na silikoni kidogo, na kila metali iliyoungwa namna hiyo ni aloi, hata chuma cha pua cha kijiko chako.

Neno hilo tutalisikia zaidi, sasa katika nishati. Septemba 2023 Kenya ilizindua mkakati wa haidrojeni ya kijani, yaani ya kupasua maji kwa umeme wa nishati jadidifu, kama ule wa mabwawa ya Tana, Masinga hadi Kiambere, kusini mwa Embu. Kinachopasua ni elektrodi, yaani kipande cha metali kinachopeleka umeme majini. Platini huiweza kazi hiyo vizuri mno, lakini bei yake haisemeki, ndipo nikeli inapoitwa. Mmarekani Murray Raney alibuni aloi ya nikeli miaka ya 1920, akiwazia kugandisha mafuta ya mimea, wala si nishati. Yeyusha nikeli na alumini, ipoe, kisha itie kwenye kostiki soda. Alumini huliwa, nikeli hubaki na vitundu tele kama mkate wa kumimina, na maji yakapata pengi pa kugusa. Nikeli ikiungwa na molibdeni, haidrojeni hutoka kwa volti pungufu kuliko ikiwa peke yake.

Waweza kusema "metali mseto". Mimi nabaki na aloi, wingi wake aloi, ngeli ya I-ZI.