Ekzosi ya Subaru, petroli yenye risasi, na ushauri wa mafundi

Leo naweka kompyuta kando kidogo, ingawa mkivumilia mtaona sikwenda mbali nayo sana.

Majuzi nilibadilisha ekzosi ya gari langu hapa Huruma, Eldoret. Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 1997, nililonunua kwa mtu ambaye naye alilinunua kwa mtu. Kwa wasiofahamu, Huruma ni wadi mojawapo ya jimbo la Turbo. Ndiyo, Turbo. Ukiwa na gari lenye tabo katika jimbo la Turbo hukosi kuchekwa, nami nimeshazoea.

Silensa ya nyuma ilikuwa imeliwa na kutu mpaka ukiwasha gari alfajiri mtaa mzima unaamka. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, mzee wa makamo ambaye mikono yake imejaa alama za cheche. Akalala chini ya gari, akagonga bomba kwa ngumi mahali pawili patatu, kisha akatoka akipangusa vumbi.

"Kijana, silensa imeisha, hiyo unaijua. Lakini hii katalitiki pia tutoe. Hii kitu ni ya Japani. Huku kwetu inaziba tu. Tukate, tuweke bomba nyoofu, gari litapumua."

"Na ile tutakayotoa, Mzee?"

"Hiyo niachie. Nitakupunguzia pesa ya kazi."

Hapo ndipo masikio yaliponisimama. Kitu kisicho na kazi, mbona kina bei? Tena sentensi hiyo, "ni ya Japani, huku inaziba", nimeisikia Nakuru, nimeisikia Nairobi, karibu kwa maneno yale yale, kutoka kwa mafundi wasiojuana. Kazi yangu ni kuandika programu, na katika kazi hii ukikuta mstari mmoja umenakiliwa kila mahali bila maelezo, unajua kuna siku mtu alikuwa na sababu nzuri ya kuuandika. Nikamwomba Mzee anipe siku mbili. Nikaenda kuitafuta hiyo sababu.

Tuanze na bomba lenyewe. Kunyamazisha injini ni wazo la zamani: ndugu wawili wa Marekani, Milton na Marshall Reeves, walipata hataza ya silensa mwaka 1897. Watu wengi hudhani ekzosi ni hiyo tu, kopo la kupunguza kelele lenye bomba la kutupa moshi nyuma. Wanamichezo wa magari waligundua zamani kwamba sivyo. Moshi hautoki kama maji ya mfereji. Unatoka kwa mapigo, kila silinda na pigo lake, na kila pigo linaacha nyuma yake sehemu yenye shinikizo dogo. Ukipanga mabomba vizuri, upungufu huo unafika kwenye vali wakati silinda nyingine inafunguka, na moshi wake unavutwa nje badala ya kusukumwa.

Mfano ninaoupenda unatoka kwetu hapa Afrika Mashariki. Safari ilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwa barabara za kawaida, vumbi na matope, wakati wa mvua za Pasaka. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller waliishinda kwa gari la michezo, Datsun 240Z, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akawa wa pili kwa 240Z nyingine. Mwaka 1973 Mehta akashinda mwenyewe, tena baada ya kulingana pointi na Harry Källström wa Datsun ya 1800. Mzee wangu wa Huruma alikuwa mtoto wakati huo. Anasema hakuliona gari, aliona vumbi lake, lakini sauti bado anaweza kuiiga kwa mdomo. Aliiiga! Vijana wote wa gereji wakaacha kazi kumtazama.

Sauti hiyo ilikuwa na hesabu ndani yake. Injini ya 240Z ina silinda 6 mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393, na zinawaka kwa mpangilio wa 1-5-3-6-2-4. Ziangalie tena. Ya kwanza iko mbele, ya 5 nyuma, ya 3 mbele, ya 6 nyuma, na kadhalika. Kwa hiyo ukikusanya silinda 1, 2 na 3 kwenye bomba moja, na 4, 5 na 6 kwenye jingine, kila bomba linapokea mapigo kwa zamu, kwa nafasi sawa kabisa, bila pigo moja kugongana na jingine. Foleni mbili, na hakuna anayemsubiri mwenzake. Ndiyo maana waliobadilisha ekzosi ya gari hilo walipenda kutoa manifoldi ya kiwandani na kuweka mabomba ya tatu-kwa-moja, mara mbili. Kazi yenyewe si ndogo, maana kwenye injini ile hewa inaingia na moshi unatoka upande ule ule. Ukitaka kutoa ekzosi, kabureta nazo lazima zishuke, kwa sababu zinashiriki gasketi moja.

Lakini 240Z iliyopita hapa 1971 haikuwa na katalitiki. Ilikuwa inakunywa petroli yenye madini ya risasi, kama magari yote ya wakati huo. Hapa ndipo hadithi yenyewe inapoanzia.

Risasi iliingia kwenye petroli baada ya mwaka 1921, pale Thomas Midgley wa General Motors alipogundua kwamba kiasi kidogo chake kinazuia injini kugonga. Ilikuwa rahisi na ilifanya kazi. Ilikuwa pia sumu, na wa kwanza kuumia ni ubongo wa mtoto. Mafundi walikuwa na sababu zao za kuipenda: ililinda makalio ya vali kwenye injini za zamani, na iliacha rangi ya kijivu cheupe kwenye mdomo wa ekzosi. Fundi mzuri aliisoma rangi hiyo kama daktari anavyotazama ulimi. Kijivu ni afya, nyeusi injini inakula mafuta mengi.

Marekani walipopitisha sheria kali ya hewa safi mwaka 1970, watengenezaji walijikuta hawana njia ila katalitiki, na magari ya toleo la 1975 yakaanza kuja nayo. Ndani ya kopo lile kuna kitu kama sega la nyuki, cha kauri, kilichopakwa platini, paladi na rodi kwa unene usioonekana kwa jicho. Moshi wenye sumu ukipita unageuzwa kuwa kaboni dioksidi, mvuke wa maji na nitrojeni. (Sasa mnajua kwa nini Mzee alitaka nimwachie. Platini haiokotwi barabarani.) Lakini sega hilo halivumilii risasi hata kidogo. Risasi inajipaka juu ya platini kama rangi juu ya kioo, na kazi imekwisha. Mwaka 1976 Volvo wakaongeza sensa ya oksijeni ya Bosch, inayonusa moshi na kuiambia injini ipunguze au iongeze mafuta. Sensa hiyo nayo inauawa na risasi. Japani walikuwa wameshaanza kuondoa risasi, na mwaka 1978 wakaweka viwango vya moshi vilivyokuwa vikali kuliko vya karibu nchi zote.

Sasa fikiria gari lililotengenezwa Japani kwa petroli ya Japani, limemaliza miaka yake 7 kule, limepandishwa meli, likashuka Mombasa. Sheria ya Kenya inaruhusu gari la mtumba lisilozidi miaka 8, kwa hiyo Impreza ya 1997 ilipaswa kuwa imeingia kufikia mwaka 2005. Na petroli yetu je? Bado ilikuwa na risasi. Serikali za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwezi Juni 2001 kwamba risasi iondoke, Umoja wa Mataifa ukaisukuma kazi hiyo kutoka ofisi za UNEP pale Nairobi, lakini Kenya haikuiacha kabisa mpaka Januari 2006. Kabla ya hapo, mafuta yaliyofika Eldoret kwa bomba lililofunguliwa mwaka 1994 yalikuja na risasi yake, na kutoka hapa malori yakayapeleka Uganda.

Wanaoandika programu mnalijua tatizo hili. Unachukua maktaba iliyoandikwa kwa mfumo mmoja, unaiweka kwenye mfumo mwingine ambao hauna kile inachokitegemea. Haitoi kosa siku ya kwanza. Inaharibika polepole, na wa kulaumiwa anaonekana kuwa yule aliye karibu.

Maana tazama kilichofuata. Risasi inaua sensa. Injini, ikiwa kipofu, inamwaga mafuta kupita kiasi. Mafuta yasiyoungua yanafika kwenye katalitiki na kuungulia humo, sega linapata joto la ajabu, linayeyuka, linaziba. Gari linakosa nguvu mlimani. Fundi anakata kopo, anaweka bomba, gari linaruka kama swala. Mteja anafurahi. Unadhani fundi atajifunza nini? Atajifunza kwamba katalitiki ni ya Japani, huku inaziba. Na alikuwa sahihi! Kwa miaka mingi hiyo ilikuwa kweli iliyopimwa kwa macho na mikono, gari baada ya gari.

Kisha petroli ikabadilika, na ushauri haukubadilika. Nchi ya mwisho duniani kuuza petroli yenye risasi kwa magari, Algeria, iliacha mwezi Julai 2021. Hakuna aliyepita gereji kwa gereji kuwaambia mafundi kwamba sababu ya sentensi yao imeondoka. Kijana aliyeanza kazi mwaka juzi anairithi sentensi hiyo pamoja na spana. Sasa anakata kopo zima linalofanya kazi, na watoto wa mtaa wanaovuta moshi ule kwenye kituo cha matatu hawajui kuna kitu kilitolewa. Sheria zipo, kanuni za kelele na za ubora wa hewa. Sijawahi kuona mtu akiinama kutazama chini ya gari kwa ajili yake.

Nikarudi kwa Mzee na haya yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka, akasema, "Basi tuitoe tuione." Haki ya Mungu, nusu ya sega ilikuwa imeyeyuka kama mshumaa. Yangu ilikuwa imekufa kweli, na kuna uwezekano mkubwa ilianza kufa kabla ya 2006, kabla sijajua hata kuendesha. Alikuwa na haki kuhusu gari hili. Tukakubaliana: kopo bovu nilibaki nalo, nikanunua jingine zima (bei yake sitaitaja, mke wangu husoma humu), na sensa mpya ya oksijeni, kwa sababu bila hiyo kopo jipya lingefuata la zamani kaburini.

Jambo moja nililokataa ni kubadilisha mabomba ya mbele. Ule mngurumo wa Subaru mnaoupenda unatoka hapo. Silinda zinawaka 1-3-2-4: mbili za kulia mfululizo, kisha mbili za kushoto. Bomba la kushoto linapita chini ya injini kuifuata tabo upande wa kulia, kwa hiyo ni refu zaidi, na mapigo yake yanachelewa kidogo. Ndiyo ile dugu-dugu. Kitaalamu ni kasoro, na tangu Legacy ya mwaka 2003 Subaru walianza kuirekebisha kwa mabomba yaliyolingana. Colin McRae alishinda Safari ya 1997 kwa Impreza, na mimi nina gari la mwaka huo huo. Kasoro hiyo niachieni.

Mzee alipomaliza kuchomelea tukawasha, tukaacha injini ipate moto, kisha nikazunguka nalo mpaka mjini na kurudi. Akaingiza kidole kwenye mdomo wa ekzosi, akakitoa, akakitazama. Cheusi kidogo.

"Inakula mafuta," akasema.

Nikamweleza kwamba petroli ya sasa haiachi tena kijivu, hata injini ikiwa nzima. Akakigeuza kidole juani, upande huu na upande ule, akakipangusa kwenye ovaroli.

"Sasa nitakuwa nikisoma wapi?"

Nikamwonyesha sensa ya zamani, iliyokuwa bado mezani kwake. Akaitia mfukoni.