Gundi ya vidonge: kwa nini dawa nyingine hufika zimemomonyoka

Kopo la vidonge 1,000 likifunguliwa na kukutwa unga chini yake, lawama za kwanza humwangukia dereva. Hata hivyo, uimara wa kidonge huanzia kiwandani, na moja ya mambo yanayouamua ni gundi inayochanganywa na unga wa dawa ili ushikamane.

Kazi ya gundi

Dawa nyingi zikishindiliwa zenyewe hazishikamani vizuri. Parasetamoli ni mfano unaojulikana sana: chembe zake hazibonyei kirahisi, na kidonge huweza kubanduka sehemu ya juu. Ili kuzuia hali hiyo, unga hulowanishwa kwa gundi, hufanywa chenga, hukaushwa, kisha hushindiliwa kwa mashine.

Gundi zinazotumika sana ni uji wa wanga wa mahindi (kwa kawaida asilimia 5 hadi 10), jelatini na povidoni (asilimia 0.5 hadi 5). Ikipungua, kidonge humomonyoka. Ikizidi, kidonge huwa kigumu na huweza kuchelewa kusambaratika tumboni, hivyo mgonjwa akachelewa kupata nafuu. Kwa hiyo ugumu peke yake si dalili ya ubora.

Vipimo vya kiwandani

- Kumomonyoka: vidonge hupimwa uzito, huzungushwa ndani ya pipa dogo mara 100 kwa dakika 4, kisha hupimwa tena. Kwa kawaida uzito unaopotea usizidi asilimia 1.
- Ugumu: hupimwa nguvu inayotosha kukivunja kidonge.
- Kusambaratika: kidonge cha kawaida kisicho na ganda hutakiwa kusambaratika ndani ya dakika 15 katika maji ya nyuzijoto 37.

Safarini

Wanga na povidoni hunyonya unyevu, na unyevu huweza kulainisha kidonge kilichotoka kiwandani kikiwa imara. Turubai linalovuja au kopo lisilofungwa vizuri huharibu mzigo hata barabara ikiwa nzuri. Aidha, nafasi tupu ndani ya kopo huacha vidonge vigongane njia nzima.

Kabla ya kulaumiana

Mnunuzi aombe cheti cha uchambuzi cha kila toleo na aangalie kama vipimo hivyo vimo. Mzigo ukipokelewa, mfamasia akague makopo machache dereva akiwepo, na namba za matoleo ziandikwe kwenye hati ya makabidhiano.

Makopo ya toleo moja yakiwa na unga, ilhali matoleo mengine ya dawa hiyo hiyo katika lori hilo ni mazima, kiwanda kina la kujibu. Makopo ya matoleo yote yaliyokaa upande mmoja wa lori yakiharibika, msafirishaji ndiye wa kuulizwa.

Vidonge vilivyomomonyoka visiuzwe hata kwa bei ya chini: kipimo cha dawa kilichobaki ndani yake hakijulikani tena.