Kariokor na Shujaa wa Berlin
Machi 1919 Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alipokewa Berlin kama shujaa asiyeshindwa, na kwa miongo mingi mitaa na kambi za kijeshi za Ujerumani ziliitwa kwa jina lake. Waliobeba vita vyenyewe mabegani, wapagazi, waliachiwa Kariokor, hapa Eastlands, Nairobi, jina lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Upande wa Waingereza walikufa zaidi ya 40,000, wengi zaidi kwa kuhara na njaa kuliko kwa risasi. Mtu atasema hilo ni deni la London. Ni nusu ya ukweli: Lettow naye alikokota wapagazi kwa nguvu na kupora chakula vijijini. Je, anayenunua kiondo au nyama choma pale soko la Kariokor anakumbuka lolote? Pengine hapana. Hata hivyo makondakta wa matatu bado wanaliita jina la kikosi hicho kila siku, ilhali Ujerumani baadhi ya kambi za Lettow zimeshabadilishwa majina.