Wavuti Si Intaneti

Intaneti ilikwisha kuwa mtu mzima wavuti ilipozaliwa, na anayezichukulia kuwa kitu kimoja hawezi kueleza kwa nini ya pili iliienea dunia kwa kasi ile. Tarehe 29 Oktoba 1969 kompyuta ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ilijaribu kuwasiliana na nyingine iliyokuwa katika taasisi ya utafiti ya Stanford kupitia mtandao wa ARPANET, uliozaa intaneti. Zikafika herufi mbili tu, mfumo ukaanguka. Tarehe 1 Januari 1983 mtandao huo ulihamia kanuni za TCP/IP, walizozibuni Vint Cerf na Bob Kahn, ambazo hadi leo ndizo zinazosafirisha data kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Kwa miaka mingi watu waliandikiana barua pepe na kutumiana mafaili bila kufungua ukurasa wowote wa wavuti, maana haukuwapo. Hata leo, ujumbe wa WhatsApp wa simu kwa simu hauhitaji kivinjari.

Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyebuni wavuti akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, hakuwa na shida ya nyaya. Shida yake ilikuwa maarifa: watafiti walikuja na kuondoka, kila kundi na kompyuta zake na programu zake, na aliyeondoka aliondoka na alichokijua. Machi 1989 aliandika pendekezo, na mkuu wake, Mike Sendall, akaandika juu yake kwamba halieleweki vizuri ila linasisimua. Kufikia mwisho wa 1990 alikuwa na HTML ya kuandikia kurasa, HTTP ya kuziomba na kuzituma, anwani ya kuutambulisha kila ukurasa, na kivinjari cha kuzisomea. Seva ilikuwa kompyuta yake ya NeXT, iliyobandikwa karatasi yenye onyo la wino mwekundu kwamba isizimwe. Onyo lenyewe ni ushahidi: siku zile mtu angeizima, wavuti ingetoweka yote, na intaneti isingetikisika.

Wapo watakaosema hakubuni jipya, kwani Ted Nelson alikuwa akizungumzia maandishi yenye viungo tangu 1965. Ni kweli. Lakini Nelson alitaka viungo vya pande mbili visivyokatika kamwe, jambo linalodai uangalizi mkubwa. Berners-Lee aliruhusu yeyote aunganishe na ukurasa wa yeyote bila kuomba ruhusa, akakubali gharama yake: viungo vinavyokufa, vile vinavyotuudhi mpaka leo. Kwa maoni yangu, ulegevu huo ulikuwa na thamani kubwa kuliko ubunifu wowote wa kiufundi.

Hoja nzito zaidi ni kwamba wavuti ingeshinda tu, kwa kuwa intaneti ilikuwa tayari. Mbona basi Gopher haikushinda? Mfumo huo wa Chuo Kikuu cha Minnesota, uliotoka 1991, ulitumia intaneti ileile na mwanzoni ulipendwa zaidi. Mapema 1993 chuo kikatangaza kwamba baadhi ya watumiaji wa seva zake watalipia leseni; watu wakaanza kuukimbia. Tarehe 30 Aprili mwaka huohuo CERN ikaitoa programu ya wavuti bure kwa umma. Hata Mosaic, kivinjari cha Illinois kilichowavutia wengi kwa picha zake, kilitumia programu zilizoandikwa CERN.