Neno "Boy" na Safari Zake

Mwanafunzi wa Kiingereza hufundishwa mapema kuwa boy ni mtoto wa kiume. Maana hiyo ni sahihi, ila siyo ya kwanza. Neno hili laonekana katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 13, na matumizi yake ya awali yalimhusu mtumishi au mtu duni. Maana ya mtoto ilifuata. Asili yake hasa wataalamu wangali wakiibishania.

Mwendo kati ya utoto na utumishi si mgeni katika lugha hiyo. Knight, yule askari mpanda farasi, alianza akiwa kijana tu. Nduguye wa Kijerumani, Knecht, akabaki mtumishi. Knave naye alikuwa mvulana, akawa mtumishi, akaishia kuwa ayari.

Katika makoloni, boy akawa mtumishi mwenyeji, hata awe na mvi na wajukuu. Wafaransa waliliazima kwa matumizi hayo hayo, ndiyo maana riwaya ya Ferdinand Oyono wa Kamerun, Une vie de boy (1956), yachukua neno la Kiingereza katika anwani ya Kifaransa. Kiswahili nacho kikapata boi, maboi, na kazi yenyewe uboi. Lakini hapa pana jambo la kuangaliwa: boi wa Kiswahili hakuwa mtoto kamwe. Mswahili alitaja kazi. Bwana wa nyumba alitaja kazi na utoto kwa pamoja. Walowezi wa Kenya, kwa upande wao, walimtwaa mtoto wa Kiswahili, wakamkata kiambishi, wakamwita toto msaidizi wa jikoni. Huyo, walau, mara nyingi alikuwa mtoto kweli.

Kusini mwa Marekani jina hilo halikuhitaji hata kazi. Ilitosha mtu kuwa mweusi. Wazoa taka wa Memphis walipogoma mwaka 1968, mabango yao yalisema tu kwamba kila mmoja wao ni mwanamume. Tangazo hilo halieleweki pasipo neno linalojibiwa.

Baadaye, wafanyakazi wawili weusi wa Alabama walidai kunyimwa vyeo na meneja aliyewaita boy. Mahakama ya rufani iliona kuwa neno hilo, lisipoandamana na sifa ya rangi, si ushahidi wa ubaguzi. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ilikataa: maana yaweza kutegemea muktadha, mkazo, sauti ya msemaji, desturi ya mahali na historia ya matumizi.